Kuanzia Mkiani

Bomba la sindano la plastiki limelazwa juu ya kitikisio, nacho kinaliyumbisha taratibu kama susu ya mtoto. Ndani yake, juu ya kichujio cheupe chembamba kama sarafu, mna punje za resini zilizoshiba kiyeyushi zikavimba mithili ya sagu iliyolowekwa. Zilipowekwa mwanzo zilikuwa kama theluthi moja ya gramu. Sasa zimekuwa nzito zaidi, maana kila punje imebeba mabilioni kwa mabilioni ya minyororo ya peptidi, na kila mnyororo umekwisha kufungwa asidi amino 27, moja baada ya moja. Zimebaki mbili.

"Yaya, hapa ni kungoja tu," ananiambia mama anayeifanya kazi hii. Ni mtu wa Bukavu, na yaya kwao ni kaka au dada mkubwa. Ni heshima ninayoipokea ingawa nadhani yeye ndiye aliyenizidi umri. Tuko katika maabara moja ya Brussels, na nimemwomba ruhusa ya kukaa kwenye kiti cha pembeni nitazame. Amekubali, akanipa miwani ya kukinga macho na koti jeupe linaloniburura.

Anachokitengeneza ni ndugu wa GRF. GRF ni kichochezi kinachotoka haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, kikaiamrisha tezi ya pituitari imwage homoni ya ukuaji katika damu. GRF ya binadamu ina asidi amino 44, lakini 29 za mwanzo zinatosha kuitoa amri hiyo. Kwa hiyo maabara nyingi hutengeneza hizo 29 na kuachana na zilizobaki.

Lililonishika tangu siku ya kwanza niliposimuliwa ni kwamba mnyororo huu hujengwa kuanzia mkiani. Asidi amino ya 29, arginini, ndiyo inayofungwa kwenye resini kwanza. Kisha ya 28, kisha ya 27, hivyo hivyo kurudi nyuma. Ya kwanza kusomwa ndiyo ya mwisho kuingia. Fundi anafanya kazi siku mbili tatu akielekea mwanzo, na kwa peptidi hii mwanzo ndiko kwenye kila kitu. Nitalirudia hilo.

Bibi yangu kule Pemba alikuwa akisuka ukili. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe huku akizungumza na wageni, lakini kila baada ya shubiri moja alipitisha kidole gumba juu ya ukili, polepole, bila kuutazama. Akihisi chane imeruka, alifumua. Mkeka ulikuwa haujawa mkeka bado, ni utepe tu uliokunjwa kando yake, lakini alijua kwamba kosa likiachwa pale litaonekana siku ukili utakaposhonwa, na siku hiyo hapatakuwa na la kufanya. Nimemkumbuka sana katika maabara hii, kwa sababu mama huyu naye ana kidole gumba chake. Nitakieleza.

Zamani peptidi zilitengenezwa zikiwa zimeyeyushwa ndani ya chombo, na baada ya kila kiungo mtengenezaji alilazimika kuitenga na kuisafisha upya kabla hajaendelea. Vincent du Vigneaud alipotengeneza oksitosini mwaka 1953, yenye asidi amino 9 tu, alistahili Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1955. Kisha mwaka 1963, Bruce Merrifield wa taasisi ya Rockefeller, New York, alichapisha wazo ambalo mtoto wa shule anaweza kulielewa. Ifunge asidi amino ya kwanza kwenye punje isiyoyeyuka. Mimina ya pili, ngoja ishike, kisha suuza. Kilichoshika kimebaki na punje, kisichoshika kimekwenda na maji. Mnyororo wake wa kwanza ulikuwa na asidi amino 4. Naye alipewa Nobel, mwaka 1984.

Kusuuza. Nusu ya ufundi huu ni kusuuza, na sijaona mtu anayesuuza kwa nidhamu kama mama huyu. Anavuta kiyeyushi ndani ya bomba, anatikisa, anasukuma nje. Mara tatu kwa kiyeyushi hiki, mara tatu kwa kile. Hahesabu kwa sauti lakini midomo inacheza.

Mzunguko wenyewe uko hivi. Kila asidi amino ina mikono miwili, na ikiachwa wazi itashikana na yoyote iliyo karibu, pamoja na za aina yake. Kwa hiyo huja imevalishwa kofia upande mmoja, kofia iitwayo Fmoc, ili ishike upande unaotakiwa tu. Ikishashika, kofia huvuliwa ili iweze kuipokea ijayo. Kinachoivua ni piperidini, na harufu yake ikiponyoka kutoka kwenye kabati la kuvuta hewa, mtu wa pwani hushtuka, kwa kuwa ina ukali fulani anaoujua. Jina lake latokana na pilipili manga. Wanakemia wa karne ya 19 waliipata kutoka katika piperini, kitu kinachoipa pilipili manga ukali wake. Sikutarajia kulikuta shamba la viungo ndani ya chupa ya maabara Ubelgiji.

Sasa kidole gumba. Asidi amino ya pili, yaani ya 28 kufungwa, imekaa na punje kwa muda wa saa mbili. Mama anasimamisha kitikisio, anasuuza, kisha anachovya kijiti cha kioo chembamba ndani ya bomba na kutoka na punje chache tu, pengine 20. Anaziweka kwenye kijaribio kidogo, anadondosha matone ya ninhidrini na ya vimiminika viwili vingine, anakiweka kwenye kipashio chenye joto la karibu nyuzi 100. Dakika tano. Tunainama wote wawili. Ikiwa kuna mnyororo ambao mkono wake bado uko wazi, yaani haukupata asidi amino, punje zitageuka buluu, buluu nzito ya nili. Ikiwa yote imepata, zitabaki na umanjano hafifu.

"Angalia vizuri," anasema. Punje ni za manjano, lakini mbili zina kivuli. Si buluu, ni kijivu kinachotaka kuwa buluu. Mimi ningeendelea. Yeye anapima tena kiasi kile kile cha asidi amino, ambayo ni ghali, anairudisha kazini kwa saa mbili nyingine.

Ukakamavu huo una hesabu nyuma yake. Ili kupata mnyororo wa 29, viungo 28 vinahitajika. Kila kiungo kikifanikiwa kwa asilimia 95, ambayo shuleni ni alama ya kujivunia, mwishoni utapata minyororo kamili chini ya robo, kama asilimia 24. Kila kiungo kikiwa asilimia 99, utapata asilimia 75. Kikiwa 99 na nusu, utapata 87. Na kilichopungua hakipotei, kinabaki mle mle ndani kikiwa mnyororo uliokosa asidi amino moja, unaofanana na ule mzima kama pacha, na kuutenga baadaye ni kazi ya kuvunja moyo. Ndiyo maana kijivu cha punje mbili si jambo dogo kwake.

Asidi amino 27 za mwanzo zilifungwa na mashine, usiku na mchana, kwa sababu ni za kawaida na mashine haichoki. Mbili za mwisho, na kinachofuata baada yake, anazifanya kwa mkono. Kwa nini hizo? Jibu liko hapa hapa Brussels, mwendo wa tramu kutoka tulipo.

Ukiteremka Porte de Hal, lile lango la mawe lililobaki kutoka kuta za zamani za mji, Boulevard de Waterloo inaanzia hapo. Miaka ya 1980, kabla ya kitivo cha tiba cha Université Libre de Bruxelles kuhamia Anderlecht pembeni ya hospitali ya Erasme, ilikuwepo katika barabara hiyo idara ya biokemia na lishe iliyoongozwa na Jean Christophe. Pamoja naye walikuwepo Patrick Robberecht, Magali Waelbroeck na wenzao. Walikuwa watu wa kongosho. Walitaka kujua ni peptidi zipi zinazobisha hodi kwenye seli za kongosho, na mlango gani unafunguka. Mwaka 1984 walitoa taarifa ya peptidi waliyoisafisha kutoka katika sumu ya mjusi Heloderma wa jangwa la Amerika, wakaiita helodermini. Watu wa namna hiyo hawachagui pa kutafuta.

GRF ilikuwa mpya kabisa. Timu mbili za California, ya Roger Guillemin na ya Jean Rivier na Wylie Vale, ziliitangaza mwaka 1982, na hawakuipata kwenye ubongo bali kwenye uvimbe wa kongosho wa wagonjwa wawili waliokuwa wakizidi kukua mikono na nyuso utu uzimani. Mtu akiisoma orodha ya asidi amino zake aliona mara moja kwamba ni ya ukoo wa peptidi nyingine iitwayo VIP, iliyojulikana tangu mwaka 1970 na ambayo ina milango yake kwenye kongosho. Swali la Brussels likawa rahisi kuliuliza: je, GRF inaweza kubisha mlango wa binamu yake?

Wakachukua utando wa seli za kongosho la panya, wakaweka VIP iliyotiwa iodini nururishi ili waweze kuihesabu, kisha wakaleta GRF na ndugu zake 14 waliotengenezwa kwa mkono wa binadamu, kila mmoja akiwa na badiliko lake. Mmoja wa walioandika makala pamoja nao ni David Coy wa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, bingwa wa kuunda peptidi. Siku hizo wengi katika fani walikata mnyororo kutoka kwenye resini kwa hidrojeni floridi, asidi inayokula hata kioo, ndani ya mitambo ya teflon. Nawaza watu waliosimama mbele ya mitambo ile ili kupata miligramu chache za unga, kisha wakazikabidhi kwa wengine ng'ambo ya bahari. Nawastahi.

Makala ilitoka mwaka 1985. Kati ya wale 14, mmoja alikuwa na mabadiliko mawili tu mwanzoni mwake. Kwenye nafasi ya pili, alanini iliondolewa ikawekwa fenilalanini ya mkono wa kushoto na kulia uliogeuzwa, yaani ile ya umbo la kioo, ambayo mwili hauitumii kujengea protini zake. Na mbele ya ile ya kwanza, tirosini, waliweka kipande kidogo cha asetili. Nafasi 27 zilizobaki hazikuguswa. Peptidi hiyo ilikaa kwenye mlango wa VIP, ikauziba, lakini haikuufungua. VIP ilipokuja ilikuta mtu amekaa. Ilikuwa njia mpya ya kuinyamazisha VIP katika majaribio, na hadi leo watafiti wanaotaka kujua jambo fulani linafanywa na VIP au la huitia peptidi hiyo na kutazama kama jambo limekoma.

Fikiria hilo kwa upande wa aliyeketi mbele ya bomba. Viungo vyote tangu mkiani ni sawa kwa peptidi inayoamrisha na kwa inayonyamazisha. Mpaka nafasi ya tatu, hata fundi mwenyewe akitazama punje hawezi kusema zitakuwa nini. Hatua mbili za mwisho na asetili ndizo zinazoamua. Na yule anayeamua amechoka, ana siku mbili tatu nyuma yake.

Napenda pia kwamba mwaka 1985 hakuna aliyekuwa ameusoma mlango wenyewe. Jeni za vipokezi vya GRF na VIP zilisomwa mwaka 1992. Waliujua mlango kwa funguo zake tu. Katika ukoo jirani wa homoni ya ukuaji, jambo hilo lilikwenda mbali zaidi: Cyril Bowers, pia wa Tulane, alianza na peptidi za ukoo wa enkefalini, akabadilisha badilisha na wenzake hadi wakapata mnyororo wa asidi amino 6, mbili kati yake zikiwa za umbo la kioo, uliomwaga homoni ya ukuaji vizuri ajabu. Ulikuwa ufunguo usio na mlango unaojulikana. Mlango ulipatikana mwaka 1996. Ufunguo wa asili, ghrelini, ulipatikana mwaka 1999 na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani, tena ndani ya tumbo la panya, mahali ambapo wachache wangeutafuta. Mafundi walikuwa wametangulia maumbile kwa miaka mingi.

Brussels na viunga vyake vimebaki kuwa nchi ya peptidi. Chuo cha Vrije Universiteit Brussel kimekuwa na kundi la kemia, la Dirk Tourwé na baadaye Steven Ballet, linalojulikana kwa kuzibana asidi amino ili zisigeuke geuke. Neder-over-Heembeek, kaskazini mwa jiji, kulikuwa na Peptisyntha ya Solvay. Kusini, Braine-l'Alleud, kuna kiwanda kilichoanzishwa na UCB, kikauzwa kwa Lonza, na sasa ni cha PolyPeptide, ambako kazi ninayoitazama kwenye bomba hufanywa ndani ya mitungi mikubwa kuliko mtu.

Jambo moja linaniuma, nami nitalisema. Peptidi za ukoo huu zimeingia mitaani. Vijana wa mazoezi ya kunyanyua vyuma hununua vichupa vilivyoandikwa kwamba ni vya utafiti pekee, wakajidunga ili wapate misuli. Sheria za michezo duniani zinazikataza wakati wote, ndani na nje ya mashindano, lakini hilo si kubwa kwangu. Kubwa ni kwamba nimeona kinachohitajika ili mtu aweze kusema unga huu mweupe ni kitu gani. Kichupa ambacho hakuna aliyesimama juu yake akikodolea macho punje mbili za kijivu ni unga tu, na unaingia mwilini mwa mtoto wa watu.

Siku ya pili, fenilalanini ya umbo la kioo imeshika, na tirosini baada yake. Mama anavua kofia ya mwisho kwa piperidini, anajaribu, na safari hii anataka buluu: mikono yote iwe wazi. Inakuja buluu kama maji ya Nungwi adhuhuri. Ndipo anapotia anhidridi ya asetiki. Chumba kinanukia siki kidogo. Asetili hii hii, mafundi wengi huitumia katikati ya kazi kuizibia minyororo iliyoshindwa, isiendelee kukua kimakosa. Hapa inauvalisha mnyororo uliofika. Jaribio la mwisho linarudi manjano, safi, bila kivuli.

Kisha mnyororo unakatwa kutoka kwenye resini kwa asidi ya trifluoroasetiki, asilimia 95, pamoja na vitu viwili vya kuzuia vipande vilivyovuliwa visije vikarukia pengine. Saa tatu. Anauchuja mchanganyiko wa rangi ya chai hafifu, anaudondosha tone tone ndani ya etha iliyokuwa kwenye barafu. Hapo ndipo kazi yote ya siku zile inapoonekana kwa jicho kwa mara ya kwanza. Tone likigusa etha, wingu jeupe linafunguka, linashuka, linatua chini ya mrija kama tui linaloganda. Mama hajasema neno, lakini amejongea karibu.

Wingu hilo bado lina mapacha ndani yake. Linapitishwa kwenye safu ya kromatografia, maji na asetonitrili zikibadilishana uwiano polepole, na kwenye kioo cha kompyuta mstari unapanda na kushuka. Mlima mmoja mrefu, vilima vinne vitano kandoni. Anauchukua mlima tu, tena katikati yake, anaacha mabega. Nilimuuliza kama haumii kuyatupa mabega, ambayo ni sehemu kubwa ya alichofanyia kazi. "Bega si yake," alijibu, yaani si ya peptidi ile.

Tone moja likaenda kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli. Peptidi hii ina uzito wa 3476, lakini mashine huigawanya kwa idadi ya chaji inazozibeba, kwa hiyo haionyeshi namba hiyo. Tulitazama pamoja: 1160. 870. 696. Akaweka kidole kwenye kioo palipo 874, akapakuza, akapakuza tena. Hapo ndipo ingeonekana kama hewa imeingia ikaishika metionini ya nafasi ya 27. Hapakuwa na kitu, mstari ulikuwa umelala. "Iko," akasema.

Jumatatu nilirudi kuuona unga umekwisha kukaushwa kwa baridi. Ulikuwa mwepesi kama pamba ya msufi, miligramu 58. Aliandika tarehe na usafi kwenye kichupa, akakiinamisha ili unga ushuke chini kabla hajakiweka kwenye friza. Haukushuka. Ulikuwa umepata umeme wa kusuguana, umejibandika kwenye kioo pande zote. Akakigonga kwa ukucha mara tatu, taratibu, akingoja kila mara aone kama unateremka.